Kuchomoka na Gari Linalovuta Miguu Yote Minne Bila Kuua Giaboksi

Mlio wa jino la gia likikatika hausahauliki. Ni "tak" moja kavu, kisha injini inapanda mizunguko bure na gari linabaki palepale. Nimeusikia mara mbili nikiwa kando ya mstari wa kuondokea. Mara zote mbili dereva alikuwa amefanya jambo lilelile, ambalo kwenye gari linalovuta nyuma peke yake lingeishia moshi wa tairi tu: alipandisha mizunguko juu, akaachia klachi kwa mpigo.

Kuchomoka, yaani kuondoka kwa kasi yote gari likiwa limesimama, ninakoeleza hapa ni kwa uwanja uliofungwa au njia ya mashindano. Barabara ya umma si mahali pake, na sitalirudia hilo.

Kuna kitu lazima kiteleze

Gari likiwa limesimama, injini inazunguka na magurudumu yametulia. Ili liondoke, tofauti hiyo ya mwendo lazima imezwe mahali fulani. Kwenye gari linalovuta nyuma, tairi ndizo zinazoimeza: zinazunguka bure, na kila kilichopo kati yake na injini kinapona. Tairi pale ni fyuzi.

Kwenye gari la miguu minne fyuzi hiyo haipo, au ipo mbali sana. Chukua gari la kilo 1,500, injini yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 400, gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.6 na difu (gia za mwisho zinazogawa nguvu kwa magurudumu) yenye uwiano wa 4.1. Ukizidisha, magurudumu yanaweza kupokea karibu Nm 5,900. Kwenye lami kavu yenye mshiko mzuri, tairi zenye nusukipenyo cha sentimita 32 zikigawana uzito wote wa gari hilo huanza kuteleza kwenye Nm 4,700 hivi. Kama yanayovuta ni magurudumu ya nyuma tu, yakiwa yamebeba asilimia 60 ya uzito, yanateleza kwenye Nm 2,800. Kwa hiyo giaboksi hubebeshwa mzigo mkubwa karibu mara 1.7 kabla tairi hazijaiokoa.

Fyuzi inayobaki ni klachi. Ikiteleza kidogo mno, mshtuko unakwenda kwenye meno ya gia, propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kati ya mbele na nyuma), difu na ekseli. Ikiteleza mno, inaungua. Ufundi wote wa kuchomoka na gari la aina hii umo katikati hapo.

Mshtuko unavunja, joto linaunguza

Tuanze na mshtuko. Unapoachia klachi kwa mpigo, giaboksi haipokei torki ya injini peke yake. Flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) na kranki (mhimili mkuu wa injini) zikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika zimehifadhi nishati nyingi, na nishati hiyo inataka kutoka kwa pamoja. Kwenye injini ya kawaida ya lita 2, kushuka kutoka mizunguko 5,000 hadi 2,500 ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde huongeza kama Nm 400 hadi 500 juu ya zile za injini yenyewe. Giaboksi iliyotengenezwa kwa Nm 400 ghafla inapokea mara mbili yake.

Kinachozuia isipokee zaidi ya hapo ni uwezo wa klachi kushika. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanafunga klachi ngumu ya mashindano wakiamini wanalilinda gari, kumbe wameitoa fyuzi kwenye klachi na kuihamishia kwenye gia. Klachi pleti ni kitu kilichotengenezwa kiishe na kibadilishwe. Gia ya kwanza ikivunjika, giaboksi nzima inashuka, na vipande vyake vimeshasambaa kwenye oili na beringi zote. Kama injini yako haijaongezwa nguvu, bakia na klachi iliyokuja na gari.

Sasa joto. Ukiishikilia injini kwenye mizunguko ileile wakati klachi inateleza, nusu ya nishati inakwenda kulisukuma gari na nusu inabaki kwenye klachi. Kwa lile gari letu la kilo 1,500, kuondokea mizunguko 3,000 huiachia klachi kilojuli 35 hivi. Kwa 4,000 ni 62. Kwa 5,000 ni 97. Angalia hesabu inavyokwenda: mizunguko imeongezeka kutoka 3 hadi 5, joto limekaribia kuwa mara tatu. Linapanda kwa mraba. Kwa sababu hiyo swali la kujiuliza si "naweza kupandisha hadi wapi?" bali "ni mizunguko ipi ya chini kabisa ambayo injini yangu haitaishiwa nguvu?"

Jua kiungo dhaifu cha gari lako

Magari haya hayafanani chini, na kila moja lina mahali pake pa kuvunjika.

Subaru Impreza WRX yenye giaboksi ya gia 5 inajulikana kwa meno ya gia yasiyopenda mshtuko, hasa injini ikiwa imeongezwa nguvu. Ya STI, toleo kali zaidi la Impreza, yenye gia 6 ni imara zaidi kwa mbali. Mitsubishi Lancer Evolution injini yake imelala kwa upana, na transfa kesi, sanduku la gia linalogawa nguvu kwenda nyuma, imeungwa ubavuni mwa giaboksi. Hapo klachi na transfa kesi ndivyo vya kuhurumia. Magari kama Volkswagen Golf R na Audi S3 yenye injini ya upana hutegemea klachi ya sahani nyingi karibu na difu ya nyuma. Klachi hiyo ina oili yake, watu wengi huisahau, na ikipata joto kupita kiasi kompyuta inaweza kupunguza au kukata mvuto wa nyuma ili ijilinde. Ukiona gari linaanza kuteleza mbele tu baada ya kuondoka mara kadhaa, usilaumu lami.

Nissan GT-R ya R35, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2007, giaboksi yake iko nyuma: propela shafti moja inapeleka nguvu huko, nyingine inairudisha mbele. Programu yake ya kwanza ya kuondokea iliishikilia injini kwenye mizunguko ya juu na ikajipatia jina baya kwa kuumiza giaboksi. Mwaka 2009 programu ilibadilishwa, na injini ikawa inashikiliwa chini zaidi. Ni somo lilelile la hesabu ya juu, safari hii likitoka kwa watengenezaji wenyewe.

Kabla hujafika kwenye mstari

Tairi kwanza. Zote nne ziwe za aina moja, saizi moja, uchakavu unaokaribiana na upepo sawa kwa kila ekseli. Tairi moja mpya kati ya tatu zilizokwisha ina mzingo mkubwa, kwa hiyo difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, na unaifikisha kwenye mstari ikiwa tayari imechoka. Subaru hutaka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo.

Ingia chini ya gari. Shika propela shafti na uizungushe kwa mkono mbele na nyuma. Mchezo mkubwa au mlio wa "klak" maana yake jointi au difu imelegea. Kagua buti za jointi za ekseli kama zimepasuka. Kagua mauntingi za injini na giaboksi, yaani mipira inayozishikilia kwenye bodi. Hizi hazipewi heshima zinayostahili: mauntingi iliyokufa inaiacha injini iruke kabla nguvu haijafika kwenye magurudumu, na kila mruko unaishia kama nyundo kwenye meno.

Kisha oili. Ya injini, ya giaboksi, ya difu zote, na ya klachi ya katikati au ya nyuma kama ipo. Ziwe kwenye kiwango, ziwe za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ziwe zimepata moto. Sindano ya joto la maji ikifika katikati, oili ya giaboksi bado ni baridi. Endesha kwa utulivu dakika 15 hadi 20 kabla ya kujaribu chochote.

Pima klachi. Ukiwa kwenye gia ya nne, mwendo mdogo, mizunguko 2,000 hivi, kanyaga mafuta hadi chini. Mizunguko ikipanda kwa kasi kuliko mwendo wa gari, klachi imeisha. Usiende nayo kwenye mstari.

Mwisho, itazame njia. Mshiko ukiwa mkubwa, mzigo kwenye giaboksi ni mkubwa pia. Njia ya mashindano iliyopakwa gundi, pamoja na tairi laini, huondoa utelezi wote uliobaki, kwa hiyo klachi pekee ndiyo inayokulinda. Lami ya kawaida inasamehe zaidi. Lami yenye mchanga au unyevu inasamehe zaidi ya hapo, isipokuwa penye viraka: tairi inayozunguka bure kwenye vumbi halafu ikatua ghafla kwenye lami safi hutoa mshtuko mbaya kama wa klachi iliyoachiwa kwa mpigo.

Gia za mkono: hatua kwa hatua

Anza na mguu wa kushoto kabla ya yote. Mahali patupu na tambarare, bila kugusa mafuta, ondoka mara kumi kwa klachi peke yake. Unatafuta sehemu ya pedali ambapo klachi huanza kushika. Mguu wako lazima uijue bila kufikiri, kwa sababu kwenye mstari hutakuwa na muda wa kuitafuta.

Hatua ya 1. Nyoosha usukani. Magurudumu yaliyopinda yanaziweka jointi za mbele kwenye pembe, na jointi iliyo kwenye pembe huvunjika kwa nguvu ndogo zaidi. Kama gari lako linakuruhusu kufunga difu ya katikati, ifunge ukiwa umenyooka tu na uifungue kabla ya kukata kona.

Hatua ya 2. Kaa gia huru mpaka zamu yako ifike. Kukanyaga klachi dakika nzima ukisubiri kunaichosha beringi ya klachi bila faida. Zamu ikikaribia, ingiza gia ya kwanza na uhakikishe imeingia hadi mwisho.

Hatua ya 3. Ondoa mchezo. Hatua hii ndogo huokoa gia kuliko kifaa chochote cha kununua. Kati ya injini na tairi kuna vinafasi vingi: kati ya jino na jino, kwenye shafti, kwenye jointi, kwenye mauntingi. Ukiachia klachi vinafasi hivyo vikiwa wazi, kila kipande kinakimbia na kukipiga kinachofuata. Inua mguu polepole hadi klachi iguse kidogo tu. Utaona sindano ya mizunguko inashuka kiduchu, na gari linajikaza bila kusogea. Sasa kila jino limeshaliegemea jino lake. Bakia hapo, kwa sekunde moja au mbili, si zaidi. Klachi tayari imeanza kula joto.

Kuhusu breki ya mkono, kuwa mwangalifu. Kwenye Toyota GR Yaris, Lancer Evolution zenye difu ya katikati ya umeme na STI zenye difu ya kurekebishwa, kuvuta breki ya mkono kunaliambia gari lilegeze mvuto kati ya mbele na nyuma. Ukiikaza klachi breki ikiwa juu, unakaza upande mmoja tu. Kwa magari hayo tafuta sehemu tambarare na uiache breki ya mkono kabisa.

Hatua ya 4. Weka mizunguko na uishikilie. Jaribio la kwanza liwe 2,500, kisha panda kwa 500 kila mara. Injini nyingi za lita 2 zenye turbo, kwa tairi za barabarani, hupata mahali pake kati ya 3,500 na 4,500. Injini kubwa zenye torki ya chini hazihitaji hata 3,000. Mguu wa kulia utulie. Anayepiga mafuta juu chini, juu chini, huachia klachi kwenye mizunguko asiyoichagua.

Hatua ya 5. Lisha klachi. Pedali irudi kwa sehemu mbili. Kutoka pale ilipogusa, ipandishe upesi sentimita moja au mbili hadi gari lichomoke, kisha ipunguze kasi, iteleze mpaka mwendo wa gari uufikie mwendo wa injini, ndipo uiachie yote. Kwa gari letu la mfano, ukiondokea mizunguko 4,000 miendo hiyo hukutana kwenye kilomita 33 kwa saa, baada ya sekunde moja hivi. Sekunde moja. Watu wakisikia "teleza klachi" hufikiri ni sekunde tatu nne, na hapo ndipo harufu inapoanza.

Sikiliza injini wakati huohuo. Mizunguko ikianguka hadi injini ikohoe na turbo ikalala, umeachia upesi mno au umeondokea chini mno: ongeza 300 safari ijayo. Mizunguko ikipanda wakati pedali iko katikati, unaichoma klachi. Punguza mafuta kidogo na umalize kuiachia. Usiikanyage tena klachi na kujaribu kuokoa mbio katikati. Mshtuko wa kushika mara ya pili huwa mkali kuliko wa kwanza, kwa kuwa pedali ya mafuta imekanyagwa chini na mchezo umefunguka upya.

Hatua ya 6. Mafuta yote baada ya klachi kushika. Kwenye gari la miguu minne hupotezi kitu kwa kungoja nusu sekunde hiyo, tairi zina mshiko wa kutosha kukurudishia.

Hatua ya 7. Gia ya pili. Nimeona magari yaliyoondoka vizuri kabisa yakafia hapa. Kubadili gia bila kuinua mguu wa mafuta, kwenye gari lisilo na kompyuta iliyopangwa kwa kazi hiyo, ni kuachia klachi kwa mpigo mara ya pili. Inua mafuta kwa kitambo kifupi, kanyaga klachi hadi chini, badili bila kulazimisha, rudi.

Magurudumu yakianza kudundadunda, acha. Inua mguu wa mafuta mara moja, jaribio limekwisha. Kila mdundo ni tairi inayoachia na kushika, na midundo ikifuatana inaweza kuvunja ekseli. Bila mjadala.

Klachi mbili, otomatiki na umeme

Giaboksi ya klachi mbili yenye lonchi kontroli (programu ya kompyuta ya kuchomoka) hukuondolea kazi ya mguu, ila haikuondolei joto. Adui wake mkubwa ni foleni ya kuelekea mstarini: gari likijivuta taratibu mita kwa mita, klachi zinateleza muda wote. Acha nafasi mbele, sogea mara moja, simama, weka gia huru. Kwenye mstari fuata kitabu cha gari neno kwa neno. Kwa kawaida ni breki kwa mguu wa kushoto, kwa nguvu. Mafuta hadi chini kwa mkanyago mmoja. Ngoja mizunguko itulie. Achia breki kwa mara moja. Usikae hapo zaidi ya sekunde mbili tatu. Breki iliyokanyagwa nusu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu gari linasukumana na klachi zake lenyewe. Kompyuta ikikataa kukuruhusu kwa sababu ya joto, ikubalie.

Otomatiki ya kawaida, yenye toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), ndiyo inayovumilia zaidi, kwani oili inapokea mshtuko. Breki, mafuta taratibu hadi mizunguko 1,800 au 2,000, achia breki huku unaongeza mafuta. Kushikilia muda mrefu kunachemsha oili hiyo haraka mno. Usiingize gia kutoka N (gia huru) mizunguko ya injini ikiwa juu.

Gari la umeme halina klachi ya kuungua, na kompyuta hupima torki kwa usahihi ambao mguu hauna. Kinachobaki kuhurumiwa ni ekseli na jointi: magurudumu yanyooke, tairi zifanane.

Baada ya kuondoka

Usizime gari wala usisimame mara moja. Endesha polepole dakika tano, klachi ikiwa imeachiwa kabisa, hewa ipite. Kati ya jaribio na jaribio ngoja dakika 10 angalau. Joto la juu ya klachi pleti hushuka upesi, lakini lile lililoingia ndani ya flaiwili linachukua muda, na jaribio la pili likifuata papo hapo linaanzia juu ya joto la kwanza. Mara tatu kwa siku moja kwa klachi ya kiwandani ni kiasi ninachokiona cha haki.

Harufu ya kuungua mara moja, ikaisha, huvumilika. Harufu inayorudi kwenye uendeshaji wa kawaida, gari kutetemeka unapoondoka taratibu, au pedali kubadilika mahali pake pa kushikia, hayo ni maneno ya klachi inayoaga. "Klak" unapoachia na kukanyaga mafuta ni mchezo ulioongezeka. Mvumo unaobadilika na mwendo ni beringi au difu.

Ukibadilisha oili ya giaboksi, na gari linalochomoka linahitaji hilo mapema kuliko ratiba ya kitabu, iangalie nati ya kumwagia oili kama ina sumaku. Tope laini la kijivu, kama masizi yaliyochanganywa na grisi, ni uchakavu wa kawaida, futa urudishie. Chembe zinazong'aa na kukwaruza kidole, punguza kuchomoka na ubadilishe oili tena baada ya muda mfupi. Kipande chenye kona, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, ni jino. Gari hilo lisiwashwe tena hadi giaboksi ishushwe na kufunguliwa.